Ruzuku itakuja moja kwa moja. Ofisi ya kuiratibu iko wapi?

Mei 1, 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zilitangaza kwamba zinasitisha ruzuku za aina iliyozoeleka, ile ambayo chuo kikuu cha Marekani kinapokea fedha kisha kinamkatia mshirika wa nje fungu lake, hadi utaratibu mpya uwe tayari. Tangu hapo mjadala wa watafiti wa Afrika Mashariki, kwenye makongamano na hata kwenye makundi ya WhatsApp, umekuwa na pande mbili tu. Wapo wanaoomboleza: miradi inakufa, vijana waliosomeshwa kwa shida wanarudi mtaani. Wapo wanaoshangilia: madalali wametolewa njiani, sasa fedha zitatufikia wenyewe na majina yetu yatatangulia kwenye machapisho. Kwa maoni yangu wote wanatazama pasipo. Jambo la kuuliza si fedha zinapitia mlango upi, bali ni nani anashika kazi ya kuvifanya vituo vitano au kumi na moja viwe utafiti mmoja, na kazi hiyo inalipiwa na nani. Kwa miaka mingi jibu limekuwa watu walioko kwenye vyuo vya Boston, Baltimore, Indianapolis au London. Tusipojipanga kuishika sisi, ruzuku za moja kwa moja zitatuachia vituo vingi vyenye akaunti zao, na utafiti mmoja usio na mwenyewe.

Kwanza tuuelewe mfumo wenyewe. Katika ule wa zamani, fungu la mshirika wa nje, tuliite ruzuku tanzu, lilikuwa mkataba kati ya chuo cha Marekani na taasisi ya huku. NIH ilimjua mpokeaji mkuu, na huyo ndiye aliyebeba dhamana ya kila senti. Sababu iliyotolewa ya kuuvunja ni kwamba serikali yao ilikuwa haioni vizuri fedha zinaishia wapi zikishavuka mpaka, na tuseme kweli, hoja hiyo haikuzushwa 2025. Wakaguzi wa Bunge la Marekani walikuwa wameshailalamikia. Katika mfumo mpya kila mshirika wa nje anakuwa na ruzuku yake yenye namba yake, iliyounganishwa na ruzuku ya mradi mkuu, na anawajibika kwa NIH mwenyewe. Kwenye karatasi ni heshima. Lakini pamoja na kushika fedha, chuo kile cha Marekani kilikuwa pia na ofisi iliyokuwa ikiandika mikataba, ikifuatilia tarehe za vibali, ikikusanya takwimu, ikikumbusha, ikigomba, ikiziba mapengo. Tangazo la Mei halikusema ofisi hiyo itahamia wapi.

Wengi wetu tukisikia "uratibu" tunafikiria mikutano, chai ya saa nne na kadi za kuvaa shingoni. Chukua jambo dogo kabisa, mabadiliko ya itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti. Timu inaamua kwamba umri wa kumpokea mtoto kwenye jaribio la dawa ushushwe kutoka miezi sita hadi mitatu. Ni sentensi moja. Tanzania sentensi hiyo inapita kwenye kamati ya maadili ya taasisi, inakwenda kwenye kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kwa kuwa ni jaribio la dawa, inafika TMDA, mamlaka ya dawa. Kenya inapita kwenye kamati ya maadili na Bodi ya Famasi na Sumu, huku leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, nayo ikisubiri kuhuishwa. Uganda kuna kamati ya taasisi, kuna UNCST, baraza la taifa la sayansi, kuna mamlaka ya dawa. Ukiwa na kituo Unguja, Zanzibar ina kamati yake. Kila chombo kinakutana kwa ratiba yake na kina fomu yake. Matokeo yake unaweza kukuta Kisumu wanatumia toleo la nne la itifaki, Mbeya bado wako kwenye la tatu, na Mbarara wameidhinishiwa la nne ila fomu ya ridhaa ya Kinyankole haijarudi na muhuri. Mtoto wa miezi minne akipokewa Kisumu siku hiyo ni mshiriki halali. Akipokewa Mbeya siku hiyo hiyo ni ukiukaji wa itifaki, na lazima uripotiwe. Nimewahi kuona jedwali la mratibu mmoja anayefuatilia mambo haya: safu za vituo, safu za matoleo, tarehe za vibali kuisha, seli nyekundu zikizidi za kijani. Pale kwao hakuna mwingine aliyejua kulisoma, na kwa mshahara aliandikwa kama muuguzi.

Fedha nazo zina adha zake. Ruzuku tanzu nyingi zimekuwa zikilipa kwa kurejesha, yaani taasisi inatumia kwanza, inapeleka hesabu, inalipwa baadaye. Muuguzi wa kituo amechukua masurufu ya kwenda kuwafuatilia washiriki vijijini, bodaboda haina mashine ya EFD ya kutolea risiti, mhasibu wa wilaya anakataa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, na mhasibu wa ng'ambo anataka maelezo kwa Kiingereza ndani ya siku kumi. Vitendanishi vya maabara vinapaswa kununuliwa kupitia NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma Tanzania, kwa sababu taasisi ni ya umma, lakini mzalishaji aliyeidhinishwa na itifaki ni mmoja tu duniani na hajawahi kusikia neno NeST. Mzigo ukifika uwanja wa ndege ukiwa ndani ya barafu kavu, barua ya msamaha wa kodi iko wizarani. Haya yote hayaandikwi kwenye chapisho la kisayansi, lakini yakiharibika, hakuna chapisho.

Hapo ndipo inapokuja hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndiyo inayopendwa na wanasiasa wa huku na wa kule: kwamba uratibu ni kulisha makarani, na kwamba kila shilingi inayokwenda ofisini imenyang'anywa mgonjwa. Namjibu anayesema hivyo kwa jaribio la FEAST. Kati ya 2009 na 2011 hospitali sita za Afrika Mashariki zilishiriki: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Swali lilikuwa la wodi ya dharura. Mtoto ameletwa ana homa kali, mikono na miguu ya baridi, mzunguko wa damu umedhoofika. Je, kumwingizia maji mengi ya mshipa kwa haraka kunamsaidia? Vitabu vilisema ndiyo, na madaktari waliamini ndiyo. Watoto walipangiwa kundi kwa bahasha iliyofungwa, wengine wakapewa maji mengi ya albumini, ambayo ni protini ya damu, wengine ya chumvi, na wengine wakapewa ya kawaida ya kutunza mwili bila kumiminiwa kwa kasi. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilisimamisha jaribio, watoto 3,141 wakiwa wameshaingizwa. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, lakini ni asilimia 7.3 tu ya wale ambao hawakumiminiwa.

Sasa fanya hesabu ya uratibu. Gawanya watoto 3,141 kwa hospitali sita, unapata takriban 523 kila moja. Gawanya tena kwa makundi matatu, unabaki na watoto 174 hivi kwa kundi. Kwa viwango vile, hospitali moja peke yake ingeona vifo 18 upande wa maji ya chumvi na 13 upande wa pili. Tofauti ya watoto watano. Hakuna daktari ambaye angebadili tiba ya dunia kwa tofauti hiyo, na hakuna mtakwimu ambaye angemruhusu. Ingeitwa bahati, na maji yangeendelea kumiminwa. Ukweli ule ulionekana kwa sababu tu mtoto wa Soroti na mtoto wa Muheza walipimwa kwa vigezo vilevile, wauguzi wao walifundishwa kuchambua dharura kwa namna moja, fomu zao ziliulizwa maswali yaleyale, na takwimu zao zilifika mezani kwa kamati kwa wakati. Kama takwimu za vituo viwili zingechelewa miezi minne, na kuchelewa kwa miezi minne ni jambo la kawaida mno kwenye tafiti za vituo vingi, jaribio lingeendelea kupokea watoto, na wengine wangekufa kwa tiba ambayo takwimu zilizolala kabatini zingekuwa zimeshaihukumu. Anayesema fedha za uratibu zimenyang'anywa mgonjwa aeleze katika mfano huu mgonjwa ni nani.

Jambo jingine la FEAST husahaulika. Mtafiti mkuu, Kathryn Maitland, alikuwa anaishi na kufanya kazi Kilifi, na uendeshaji wa jaribio uliegemea kituo cha majaribio cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome, mfuko wa Uingereza unaofadhili utafiti wa afya, pale pale, ingawa fedha zilitoka Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Kwa hiyo wale wanaosema Afrika Mashariki haiwezi kushika mradi wa nchi tatu wanabishana na jambo lililokwisha kufanyika pwani ya Kenya miaka kumi na tano iliyopita. Ongeza jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S: vituo 11 katika nchi saba, watoto 15,459, sindano ya kwanza ikichomwa Bagamoyo Mei 2009. Ongeza H3Africa, programu ya jenomu iliyodumu miaka kumi hadi 2022, ambayo mtandao wake wa takwimu uliratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town na ambayo hazina yake mojawapo ya sampuli ilikuwa Uganda. Uwezo upo. Lakini upo kwa vipande, na mara nyingi umekodishwa kwa muda wa ruzuku. Mradi ukiisha, mtu aliyelijua jedwali anahamia shirika lingine.

Wanaoshangilia wana hoja nzito. Kwa miaka mingi NIH ililipa taasisi za nje asilimia 8 tu kama gharama za uendeshaji, yaani umeme, wahasibu, ofisi ya mikataba, ukaguzi. Chuo Kikuu cha Harvard, eneo la Boston, kilikuwa kikilipwa asilimia 69. Kwa hesabu ya haraka, juu ya kila dola milioni moja ya kazi ya utafiti, taasisi ya Ifakara au Kampala ilipata dola 80,000 za kuendeshea ofisi, na Harvard kama dola 690,000. Kweli gharama za Boston si za Ifakara, na kiwango cha Marekani hukaguliwa na kujadiliwa. Ila kilichotokea Februari 2025 kinastahili kukumbukwa: NIH ilipotaka kuvishusha vyuo vyote vya Marekani hadi asilimia 15, vilikimbilia mahakamani vikisema kwa kiwango hicho utafiti hauendesheki, na mahakama ya shirikisho mjini Boston ikaizuia hatua hiyo. Asilimia 15, ambayo kwao ni maangamizi, ni karibu mara mbili ya kile tulichotakiwa kuendeshea ofisi zetu, halafu tukaulizwa kwa nini ofisi zetu ni dhaifu. Mtu aliyeishi na dharau hiyo akishangilia mkataba wenye jina lake, simlaumu.

Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kuamini kwamba jina kwenye mkataba linaleta ofisi nyuma yake. Kinachonitia wasiwasi zaidi katika muundo mpya ni kwamba unaimarisha kamba ya wima, kutoka kila kituo kwenda Washington, na haugusi kamba za ulalo, kutoka Mbeya kwenda Kericho kwenda Mbarara. Kituo kitawajibika kwa ruzuku yake, kitaandika ripoti yake, kitakaguliwa peke yake. Kituo jirani kikichelewesha takwimu, si kosa langu na sina nguvu ya kulirekebisha. Zamani mpokeaji mkuu aliweza angalau kuzuia malipo ya robo inayofuata. Ilikuwa rungu isiyopendeza, lakini ilifanya kazi. Rungu hiyo ikiondoka, lazima pawe na kitu badala yake: makubaliano kati ya vituo vyenyewe, kamati yenye mamlaka, mratibu ambaye barua pepe yake inajibiwa kwa sababu vituo vyote vilikubali ijibiwe. Vitu hivyo havitoki kwa mfadhili.

Wanaoomboleza nao wana hoja moja ninayoichukua kwa uzito, nayo ni historia ya Nairobi. Mwaka 2015 Akademia ya Sayansi ya Afrika ilianzisha chombo kilichoitwa AESA, na Wellcome ikahamishia huko usimamizi wa DELTAS, programu yake kubwa ya kufunza watafiti. Ilisifiwa kama mwanzo wa sayansi ya Afrika kusimamiwa Afrika. Mwaka 2021, baada ya mgogoro wa utawala, wafadhili wakubwa waliziondoa programu zao pale, zikahamia taasisi mpya, Science for Africa Foundation. Wapo wanaoisimulia hadithi hiyo kama ushahidi kwamba hatuwezi. Mimi naisoma vingine. Kilichoyumba kilikuwa utawala wa juu wa taasisi mwenyeji. Wafanyakazi waliojua kuendesha ruzuku hawakupotea, na kazi yenyewe haikurudi London, ilibaki Nairobi. Lakini hadithi inaonya kuhusu jambo moja ambalo washangiliaji hawapendi kulisikia: ofisi ya uratibu inayotegemea wafadhili wawili watatu inaweza kuhamishwa kwa uamuzi wao kama samani. Serikali za ukanda huu hazikuwa na shilingi pale ya kuzipa sauti.

Na umuhimu wa kuwa na mgongo wa nyumbani wa kusimamia kazi tumeshauona. Mapema 2025 serikali ya Marekani ilipoamuru kazi zilizofadhiliwa na USAID, shirika lake la misaada, zisimame, jaribio la pete ya ukeni ya kuzuia VVU lililokuwa likiendelea Durban liliamriwa lisimame wakati wanawake walikuwa nazo mwilini. Amri ilisema acheni kazi. Maadili ya utafiti yanasema huwezi kumwacha mshiriki na kifaa cha majaribio ndani ya mwili wake ukaondoka. Waliokuwa na jibu ni watu wa kituo wenyewe, waliowaita wanawake na kuzitoa. Kituo kile kilikuwa na mgongo wa kusimamia hilo. Ni taasisi ngapi za kwetu zina akiba ya miezi mitatu ya kuwatoa washiriki wake kwenye jaribio kwa usalama mfadhili akiamka vibaya? Kwa asilimia 8 hakuna akiba inayojengeka, na hilo linarudi kwenye hoja ya gharama za uendeshaji, ambayo wanasayansi wengi wanaiona ni ya wahasibu na kuwaachia.

Kwa upande wa serikali, ahadi hazikosekani. Umoja wa Afrika ulikubaliana tangu 2006 kwamba kila nchi ifikie asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na sheria ya sayansi ya Kenya ya 2013 ikaandika asilimia 2. Sina haja ya kueleza tuko wapi. Nisingeanza na asilimia hizo hata hivyo, kwa sababu ni kubwa kiasi kwamba hakuna waziri anayeona aibu kuzikosa. Ningeanza na mambo mawili ya bei nafuu. La kwanza ni muundo wa utumishi: kada ya mratibu wa utafiti iwe na cheo, ngazi za mshahara na njia ya kupanda, ili anayelijua jedwali asilazimike kuandikwa muuguzi na kukimbilia shirika lisilo la kiserikali. La pili ni vibali. Jukwaa la wadhibiti wa Afrika, AVAREF, limekuwepo tangu 2006 na limeshafanya mapitio ya pamoja ya majaribio ya nchi kadhaa. Hakuna sababu ya kisheria isiyotatulika inayozuia kamati za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kukaa pamoja kupitia mabadiliko ya itifaki moja na kutoa majibu ndani ya wiki moja, kila moja ikibaki na muhuri wake. Mbeya na Kisumu zingetumia toleo moja siku moja.

Kwa upande wa taasisi, dirisha liko wazi sasa hivi, na halitakaa wazi. Maombi chini ya muundo mpya yanaandikwa miezi hii, na kwa mara ya kwanza taasisi nyingi za huku zinaandika bajeti zinazokwenda NIH kwa jina lao. Naona mahali pengine rasimu zinaigwa neno kwa neno kutoka ruzuku tanzu za zamani: madaktari, wauguzi, maabara, gari, mafuta, posho. Mstari wa mratibu wa vituo haupo kwa sababu zamani ulikuwa kwenye bajeti ya Indianapolis. Hauna wa kuuweka ila sisi, na kuuweka sasa ni kuandika mstari mmoja, ukieleza kazi yake na mshahara wake kama gharama halisi ya utafiti, nje ya zile asilimia chache za uendeshaji. Ruzuku ikishasainiwa, mstari huohuo utahitaji maombi ya kubadili bajeti, barua ya mkurugenzi, idhini ya mfadhili na robo mwaka ya kusubiri, na hakutakuwa na mratibu wa kuyafuatilia.